Inataka Betri Tu

Oya mwanangu, funga hiyo video ya Mustang. Nakujua. Kila msela wa Rock City, Mwanza, ana Mustang kwenye simu: nyekundu, mistari miwili myeupe, imepaki ufukweni Miami, demu kaegemea boneti. Halafu simu inaingia mfukoni, jamaa anadandia daladala ya Igoma, anasimama kajikunja mpaka Buzuruga.

Tuongee mkwanja kwanza. Ukivuta Mustang ya 1967 kutoka Marekani, TRA wanakusubiri bandarini na kikokotoo. Ushuru wa forodha asilimia 25. VAT asilimia 18. Juu yake ushuru wa uchakavu, maana gari lina umri wa mshua wako. Na hesabu inaanzia kwenye bei ya gari, nauli ya meli na bima, vyote kwa pamoja. Ukishamaliza kulia, unagundua usukani uko kushoto. Ukitaka kulipita lori la pamba njia ya Shinyanga inabidi umuulize abiria: "Oya, kuna mtu anakuja?" Machalii wa Kisumu hawana hata hiyo presha, kwao mtumba uliozidi miaka 8 hauingii kabisa.

Mimi naongelea mzigo uliolipiwa ushuru kabla bibi yako hajaolewa. Upo Kanda ya Ziwa hii hii. Umekaa juu ya mawe manne, nyasi zimeshapita bampa, kuku wanatagia siti ya nyuma. Chuma cha Kimarekani, usukani kulia, na mwenye nacho anataka kukiuza kwa kilo. Kwa kilo, mwanangu! Hapo ndipo roho inaniuma mpaka nashindwa kumaliza sato wangu.

Najua swali lako. Mmarekani na usukani wa kulia wapi na wapi? Jibu ni Kanada. Ford ya Kanada ilipewa soko la himaya yote ya Mwingereza, ukiitoa Uingereza yenyewe. Kiwanda kilikuwa eneo la Windsor, ng'ambo ya mto kutoka Detroit. Mtu wa Windsor aliiona Detroit vile wewe ulivyokuwa unaiona Busisi ukiwa foleni ya kivuko Kigongo, kabla daraja la JPM halijafunguliwa Juni 2025. Injini ni zile zile, ila upande huu wa mto ni ardhi ya mfalme. Mwaka 1932 wakubwa wa himaya wakakutana Ottawa, wakapangiana ushuru nafuu wao kwa wao, na ndinga ya Kimarekani iliyopitia Kanada ikapata mlango wa kuingilia masoko ya himaya. Chevrolet nao walikuwa na chimbo lao Oshawa. Kwa hiyo ukifungua boneti ukakuta kibati kwenye ukuta wa injini kimeandikwa Canada, usiondoke hapo. Tuma mtu akuletee soda.

Kisha ikaja vita. Viwanda vya Kanada vya Ford na Chevrolet vikashusha malori ya jeshi zaidi ya 400,000 ya aina moja, yanaitwa CMP, kwa ajili ya majeshi ya Mwingereza na makoloni yake. Usukani kulia. Pua fupi, imebonyea, sura ya kukasirika. Mabaya kinoma, na ubaya huo ndio swaga yenyewe. Vita ilipoisha 1945, dunia nzima ilijaa magari ya jeshi yaliyobaki, yakauzwa kwa wafanyabiashara, wakulima na wakandarasi.

Ukitaka kujua chuma cha Kimarekani kilifika huku kiasi gani, nenda na stori ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza waliamua kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, mradi wa kufuru. Matrekta hayakutosha. Wakachukua vifaru vya Sherman, vya Kimarekani orijino, kampuni ya Vickers ikavigeuza kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kifaru cha vita kinalima karanga Tanganyika! Mwaka 1951 mradi ukafa, hela zimeteketea. Urambo iko Tabora tu hapo, siyo mwezini. Ukipita huko macho yasilale.

Sasa mfuate mzee yeyote anayekaa kwenye benchi karibu na gari la namna hiyo. Muulize ni gari gani. Atakohoa. Ataangalia ziwa. Atasema: "Hiyo ya Mjerumani hiyo."

Kila kitu kwao ni cha Mjerumani. Bomba la maji la Mjerumani. Bedford ya Mjerumani. Nimeshaonyeshwa Peugeot 404 nikaambiwa ni ya Mjerumani, simba wa Kifaransa kasimama pale kwenye grili ananiangalia. Mzee wangu, shikamoo, lakini Mjerumani alifurushwa Mwanza 1916. Bedford imezaliwa 1931. Alirudi usiku kuipaki?

Na hiyo Bedford ndiyo siri ninayotaka uondoke nayo leo. General Motors walinunua kampuni ya Vauxhall ya Uingereza 1925. Walikuwa wanaunganisha malori ya Chevrolet kule London. Mwaka 1931 wakalibadilisha jina, wakalipa la Kiingereza, likawa Bedford. Zile za kwanza ni Chevrolet iliyobadilishiwa shati tu. Halafu 1958 ikaja Bedford TJ, ile yenye pua, mataa kwenye mashavu, bodi nene. Itazame usoni taratibu. Hiyo sura ni ya Michigan kabisa. Kwa hiyo wakati wewe unalilia pikapu ya Chevrolet ya miaka ya 50 uliyoiona kwenye video ya mtu wa Texas, binamu yake amelala nyuma ya jineri fulani ya pamba na hakuna anayemsalimia.

Mchezo hauishii hapo. Land Rover je? Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya jeshi shambani kwake Wales, akaipenda, na gari la kwanza la majaribio la 1947 likajengwa juu ya chasisi ya Jeep. Dingi wako anayejisifu na Land Cruiser mkonga, "Mjapani hana mpinzani"? Toyota walipotengeneza injini yao ya kwanza miaka ya 30 waliangalizia Chevrolet. Na Land Cruiser ilianza 1951 ikiitwa Toyota Jeep, mpaka wenye jina wakakohoa. Mwambie taratibu, akiwa ameshakula.

Basi unatafutia wapi? Mjini kati usisumbuke. Mjini kila kitu kilishakatwa, na kila fundi wa Igogo atakuambia "lilikuwepo hapa juzi." Juzi yake ni 1998.

Anza na majineri ya pamba. Usukumani pamba ilikuwa na mpunga wa kweli. Vyama vya ushirika viliungana 1955 vikawa Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, baadaye ikaja Nyanza. Pamba haitembei yenyewe, ilibebwa na malori. Magu, Kwimba, Misungwi, Geita, Bunda: tafuta jineri iliyokufa, uliza kwa mlinzi, uliza nyuma, sio mbele. Mbele kuna ofisi na kalenda. Nyuma ndiyo kuna chuma.

Baada ya hapo, misheni. Hii watu wengi hawaijui, na ndiyo chimbo la Wamarekani wa damu. Wamenoni kutoka Marekani walifika Shirati 1934, pale pale ziwani karibu na mpaka wa Kenya. Mapadri wa Maryknoll, Wamarekani pia, waliingia Musoma 1946. Africa Inland Mission walikuwa huku hata kabla yao. Watu hao walizunguka vijiji miaka na miaka kwenye barabara za udongo mweusi. Usiingie pale na miwani ya jua na spika. Nenda ofisini, salimia kwa heshima, omba kuona karakana ya zamani. Mchungaji akikubali, mtafute fundi aliyestaafu, yule mwenye kidole kimoja kilichoumia. Yule anajua kila gari lilizikwa wapi. Huyo ndiye mzee pekee nitakayekuruhusu umsikilize.

Ukipanda Kagera, angalia na usukani wa kushoto. Kongo ya Mbelgiji waliendesha upande wa kulia wa barabara, na Ford na General Motors wote walikuwa na viwanda Antwerp. Wabelgiji walipotimka Kongo Julai 1960, wengi waliingia Uganda na ndinga zao, mizigo juu ya paa. Chuma cha aina hiyo kinavuka mipaka polepole, kwa mkono wa huyu kwenda kwa yule.

Na kuna sehemu moja washkaji wanaipita kila siku bila kuiona: chini ya mkokoteni wa ng'ombe. Inama. Ile ekseli na zile ringi zilitoka kwenye gari. Muulize mwenye ng'ombe bodi ilibaki wapi. Mara nyingi anakuonyesha kwa kidevu tu: pale, kwa marehemu babu.

Halafu Kanda ya Ziwa tuna zali ambalo Dar hawana. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi. Dar, Tanga, Zanzibar, upepo wa bahari unatafuna chuma usiku na mchana, gari likikaa nje miaka kumi milango inabaki lesi. Huku bati linakaa. Linapauka, linapata kutu ya juu juu, lakini ukigonga linalia ngo! Gonga kila sehemu, hasa chini ya milango na kwenye chasisi karibu na springi za nyuma. Likilia pu, hapo kuna kutu imepakwa rangi.

Nilisimama mbele ya moja njia ya kwenda Magu. Bedford TJ, kijani iliyopauka ikawa rangi ya majani ya muhogo. Mzee mwenyewe kavaa kofia ya pama, mkono nyuma. Kabla sijauliza chochote akasema, "Hili zima. Linataka betri tu." Tukafungua boneti. Manyigu walitoka kwanza. Kabureta haipo, pamebaki shimo limezibwa na gunzi la mahindi. Silinda hedi imeondoka, unaziona pistoni nne kati ya sita, mbili hazijulikani zilipo. Sampu imetobolewa, mtu alitaka oili ya kupaka mbao. Rejeta imeliwa. Mzee ananitazama machoni bila kupepesa: "Betri tu, kijana." Lakini mwanangu, bodi! Milango yote miwili inafunga kwa sauti ile nzito. Kioo cha mbele hakina ufa. Herufi kwenye boneti zimekamilika, zote saba, BEDFORD, unazipitishia kidole na hakuna hata moja iliyotikisika. Kwangu hilo gari ni zima kweli.

Na jamaa wa skrepa alishafika kabla yangu. Aliacha alama ya chaki kwenye chasisi, pale atakapopitisha moto. Huwa wanakuja na mtungi wa gesi, wanakata vipande vya kubebeka, vinapanda kirikuu, vinapimwa, vinaenda kuyeyushwa viwe nondo. Springi zinaenda kwa wahunzi, zinarudi sokoni zikiwa mapanga. Ikiwa ni Land Rover ndiyo msiba kabisa, maana bodi yake ni alumini, na alumini ina bei. Inatiwa kwenye moto, inamiminwa kwenye udongo, inatoka sufuria. Kuna watu wanapikia ugali kwenye mlango wa Land Rover na hawajui. Sina ugomvi na mtu wa skrepa, naye anatafuta ridhiki. Ninachosema ni kwamba bei anayotoa yeye ndiyo bei unayopaswa kuianzia wewe. Mpe mzee kilo zake, ongeza kidogo juu, msalimie bibi, ondoka na gari zima. Ukisubiri mwezi mmoja unakuta alama ya mafuta ardhini.

Ukikuta Jeep, usipige kelele. Hesabu kwanza. Grili ya Jeep ya vita ina matundu tisa. Ya kiraia, iliyoanza 1945, ina saba. Jeep za vita zilitengenezwa na Willys na Ford, na Ford alikuwa na kiburi kitamu sana: aligonga herufi F kwenye vipande vyake, mpaka kwenye vichwa vya bolti. Chukua kitambaa, futa grisi kwenye bolti moja ya bampa. Ukiiona hiyo F ndogo ya mwandiko wa mkono, mwanangu, umeshika kitu kilichotoka Marekani wakati wa Hitler. Injini yake ni silinda nne, lita 2.2, nguvu farasi 60, hedi bapa na plagi zimesimama juu kwa mstari. IST ya jirani inaizidi nguvu. Nani amewahi kupiga picha ya harusi na IST?

Spea? Hapo usiogope. Mahindra wa India walianza kuunganisha Jeep za Willys mwishoni mwa miaka ya 40 na hawakuacha mapema, kwa hiyo mlango wa spea uko Mumbai, sio Marekani. Bedford waulize Wapakistani. Wale wanazipamba Bedford zao mpaka zinafanana na bibi harusi, na bado zinapanda milima na mzigo. Kinachokula hela ni vile vidogo: mpira wa kioo, taa ya nyuma, kitasa, nikeli ya bampa. Na umeme wa volti 6, ambao fundi wako wa Nyegezi atauangalia na kujikuna kichwa. Injini unaweza kuichonga. Taa ya nyuma ya 1950 hata Mungu anakuambia subiri.

Makaratasi sasa, maana hapa ndipo dili nyingi zinafia. Gari la namna hii mwenyewe huwa ameshafariki. Kadi haionekani. Na marehemu alikuwa na watoto kumi na wanne kwa wake watatu, wote wako kwenye WhatsApp. Ukimlipa mmoja, kesho wanakuja kumi na tatu. Dai barua ya msimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, huyo ndiye anayesaini. Kadi ikipotea, polisi kwanza, TRA baadaye. Magari ya serikali yaliyochakaa usimnunulie mlinzi wa yadi hata akikuapia kwa mama yake: yale yanatoka kwa mnada, na tangazo linabandikwa wazi.

Kuhusu aibu, sitazunguka. Kupaka gari la 1950 rangi ya mafuta ya geti kwa brashi ni aibu. Kubandika nembo ya Mustang kwenye Vitz ni aibu, futa leo. Kukata paa la Bedford ili "iwe ya bata" ni dhambi. Kutoa injini ya Jeep na kuweka ya Hiace? Hapo tutagombana mpaka asubuhi. Mimi sifanyi. Ukifanya, ile ya zamani iweke ndani, ipake grisi, usimpe mtu wa kilo.

Na usiniambie kitaa hakitaki vitu vya zamani. Oktoba 2024 Arusha walijaza Land Rover mji mzima, wakiiwinda rekodi ya Ujerumani ya msafara wa magari 632. Baada ya hapo kila mwenye Land Rover mbovu anaongea dola. Ndiyo maana nakuambia chepuka: wakati wote wanakimbilia huko, Bedford na zile pua za Kikanada bado zina bei ya binadamu. Wanaojisifu "gari langu namba E" waache, siku moja itakuja F, wataanza upya.

Wazee watakuja na ile ya mwisho: "Magari ya Marekani hayawezi barabara zetu." Wanakumbuka Safari Rally ya 1964, Ford wa Marekani walipoleta Mercury Comet sita zikamaliza mbili. Ni kweli. Wanachosahau ni kwamba mwaka ule ulichukuliwa na Cortina, na Cortina ni Ford. Na mwaka huo walianza magari zaidi ya 90, yakamaliza 21. Yaliyokufa njiani hayakuwa ya Kimarekani peke yake, baba.

Ukishalipa, usilivute kwa kamba. Gari lililolala miaka thelathini halina oili kwenye difu, ukilivuta kilomita ishirini unasaga meno yote ya ndani, na hayo meno huyapati Makoroboi. Kodi lobedi, au fuso lenye ngazi na winchi. Nenda asubuhi kabla jua halijachachamaa na kabla wale kumi na tatu hawajaamka. Pima matairi yanapotoka ardhini, chimba taratibu na koleo, usiling'oe kwa nguvu, chasisi inaweza kupinda. Ng'oa kile kibati cha Canada kwa bisibisi uweke mfukoni, maana njiani kila mtu ana mkono mrefu. Kuku muachie mzee. Mayai mgawane.